Mpelelezi Aliyeitwa Mtenda Kazi

Wizara ya usalama ya Ujerumani Mashariki iliundwa mwaka 1950. Hapo awali raia waliowapeleleza wenzao waliitwa watoa habari wa siri; tangu mwaka 1968 jina likageuzwa kuwa Inoffizieller Mitarbeiter, yaani mtenda kazi asiye rasmi. Watu walisema tu Spitzel, neno la dharau. Lakini Mitarbeiter ndilo neno la Biblia ya Luther katika 1 Wakorintho 3:9, Paulo anenapo juu ya watenda kazi pamoja na Mungu. Majalada yalipofunguliwa mwaka 1992, baadhi ya wachungaji wa Kilutheri nao walionekana humo kuwa watoa habari. Jina jema halikuitakasa kazi ile. Basi sisi tuliokabidhiwa siri za maungamo, habari za kondoo twampelekea nani?