Kupitia kwa Nani?

Mama mmoja msikilizaji wa mazungumzo haya, mkazi wa pembezoni mwa jiji, ameniletea barua. Anasema zahanati ya mtaa wao imefungwa, na wajawazito sasa hupanda mabasi mawili kufika hospitali. Yeye na jirani zake wamekwenda mara tatu kuuliza, na mara zote tatu wameambiwa, "Leteni barua." Basi ananiuliza: barua ya kuiuliza serikali huandikwaje, ili iwe ya heshima na bado ipate jibu?

Sehemu ya kwanza ya swali hilo ni nyepesi. Mama, weka anwani yenu upande wa kulia juu na tarehe chini yake, anwani ya ofisi upande wa kushoto, kisha "Yah:" na mada kwa maneno machache. Eleza jambo moja tu: zahanati ilifungwa lini, ilihudumia mitaa gani, na ninyi mnaoandika ni akina nani. Halafu uliza maswali yanayojibika. "Kwa nini mnatudharau?" si swali la kuandikia ofisi, kwani hata karani mwenye huruma hana namna ya kulijibu. "Zahanati ilifungwa kwa amri ya nani, na itafunguliwa lini?" hilo linajibika. Tieni sahihi, bakizeni nakala, na siku ya kuipeleka mwombeni karani aigonge nakala yenu muhuri wa kupokelewa. Msiogope kuomba muhuri, si ukorofi.

Sehemu ya pili, ile ya kupata jibu, ndiyo iliyonifanya nifungue vitabu vya historia.

Ndugu msikilizaji, watu wetu hawakuanza jana kuandika barua. Miongoni mwa barua za Kiswahili kongwe kabisa zijulikanazo ni zile zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu. Zilihifadhiwa Goa, kule India, kwa kuwa Wareno ndio walioziweka. Mwandishi wa Pwani alijua kwamba barua haianzi na shida. Huanza na sifa za anayeandikiwa, zikafuata salamu na habari za afya, ndipo lije "ama baada ya hayo", na hapo ndipo msomaji alipokaa vizuri kitini. Walipokuja Waingereza wakaleta namna yao: "Nina heshima kukuarifu", na mwishoni, "Mimi mtumishi wako mtiifu". Wengi hudhani maneno hayo yalitungwa makusudi kutudhalilisha sisi. Sivyo. Gavana mwenyewe alitia sahihi yake chini ya maneno kama hayo alipomwandikia Waziri wa Makoloni huko London. Baada ya uhuru sisi nasi tukawa na yetu: "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na "Wako katika ujenzi wa taifa". Kila enzi na adabu yake, na sioni ubaya wowote katika adabu.

Neno ninalolitilia shaka ni jingine. Ni yale maneno mawili madogo yanayokaa kati ya anwani na mada: "Kupitia kwa".

Katika utawala wa kikoloni wa Kiingereza, raia wa koloni aliruhusiwa kumwandikia Waziri wa Makoloni. Hiyo ilikuwa haki. Lakini kanuni zilisema barua hiyo ipitie kwa Gavana, na iliyokwenda moja kwa moja ilirudishwa kwa Gavana huyohuyo ili atoe maelezo yake. Kwa hiyo aliyemlalamikia Mkuu wa Wilaya ilimbidi apite mlangoni kwa Mkuu wa Wilaya, na aliyemlalamikia Gavana alimkabidhi Gavana malalamiko hayo ampelekee. Ni sawa na kumtuma fisi apeleke mashtaka ya mbuzi.

Mtu mmoja aliyeikiuka njia hiyo alikuwa Harry Thuku wa Kenya. Alisoma katika misheni ya Kambui, akafanya kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi, na mwaka 1921 alikuwa karani wa simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Mwaka huo walowezi waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kipande nacho kilikuwa kimekwisha kuanza kuning'inia shingoni mwa wanaume, na kodi ilikuwa imepanda. Wazee na machifu wa Kikuyu walikuwa na chama chao kilichopeleka malalamiko kwa adabu na kwa njia iliyoamriwa. Thuku na vijana wenzake wa mjini walifanya mkutano mkubwa Nairobi mwezi Julai 1921, kisha wakapeleka hoja zao London kwa simu ya maandishi, moja kwa moja, bila kupitia kwa yeyote.

Kilichoikasirisha serikali hakikuwa hoja zenyewe. Kuhusu mishahara, kodi na kipande, hata wamisionari kadhaa walikuwa wakisema yaleyale. Kosa lilikuwa njia. Machifu nao walikasirika, kwa kuwa kijana karani alikuwa amejifanya msemaji bila idhini yao. Thuku aliambiwa achague kati ya siasa na kazi yake ya Hazina; akachagua siasa. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ukitaka aachiliwe, miongoni mwao akina mama wengi, na Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, Nyanjiru mmojawapo. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Thuku akahamishiwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, na hakuachiliwa hadi mwisho wa mwaka 1930. Haki nayo isemwe: mwaka 1922 kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Barua ilijibiwa kwa mkono wa kushoto, wakati mwandishi wake yuko kizuizini.

Sasa tuvuke mpaka tuje Tanganyika. Hapa pana jambo ambalo shuleni tulilipita haraka mno. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Baada ya Wajerumani kushindwa, Uingereza ilipewa nchi hii mwaka 1922 kama amana chini ya Shirikisho la Mataifa lililokuwa na makao Geneva. Mwenye amana hutakiwa kutoa hesabu. Basi wenyeji wangeweza kuandika Geneva? Naam, wangeweza. Lakini kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1923, barua ya mwenyeji ilipaswa ipitie kwa serikali ileile inayolalamikiwa, nayo iipeleke pamoja na maoni yake. Wala mwandishi hakuruhusiwa kwenda kujieleza kwa mdomo. Fisi yuleyule, ila safari hii kavaa suti ya Geneva.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwezi Desemba 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja huo ikasema kwamba Baraza la Udhamini laweza kupokea maombi ya wananchi na kuyachunguza, na pia kutuma wajumbe wake kuzikagua nchi zenyewe. Kanuni za Baraza zikaongeza mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yalikuwa makubwa kuliko hotuba nyingi. La kwanza, raia aliruhusiwa kumwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa moja kwa moja. La pili, aliweza kuomba asikilizwe kwa mdomo. Kila barua iliyotoka Tanganyika na kukubaliwa ilipewa namba iliyoanza na T/PET.2, ikagawiwa kwa nchi wanachama wa Baraza, na Uingereza ikatakiwa kuitolea maelezo mbele ya wageni. Barua yenye namba haiwezi kusemwa imepotea.

Wameru wa Arusha ndio waliokuja kuijaribu njia hiyo mpaka mwisho wake. Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Wenyeji walikuwa wamebanana mlimani, na mashamba ya walowezi yakiwazunguka kama mkanda. Wilson alipendekeza baadhi ya ardhi irudishwe kwa Waafrika. Lakini akapendekeza pia eneo lililo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro liwe la walowezi watupu, kwa ufugaji wa ng'ombe. Ndani ya eneo hilo, pale Ngare Nanyuki, waliishi Wameru wapatao 3,000. Hao iliamriwa wahamie Kingori, mahali pa chini, penye joto na maradhi.

Wameru hawakuanza kwa kupiga kelele. Walianza kwa kuandika, na majibu waliyoyapata yalisema uamuzi umekwisha kufanyika. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walipokuja Tanganyika mwaka 1951, wakapewa malalamiko hayo. Gavana Twining hakungoja Baraza likae. Tarehe 17 Novemba 1951 polisi waliingia Ngare Nanyuki. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, na mifugo ikaswagwa kwenda Kingori. Watu hawakupigana. Walikataa kushirikiana, na fidia wakakataa kuipokea, kwani kupokea kungekuwa kukubali kwamba wameuza.

Yapo mengi ya kusifu hapo, lakini mimi hukaa sana juu ya ule uamuzi wa kuendelea kuandika. Mtu ambaye nyumba yake imechomwa ana kila sababu ya kuitupa kalamu. Wameru walichanga fedha. Walimpata wakili, Earle Seaton, Mbermuda mwenye asili ya Kiafrika aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Wakamchagua mwenzao, Kirilo Japhet, akawasemee. Mwaka 1952 wawili hao walisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini. Mwananchi wa Tanganyika akawa anaeleza jinsi watu wake walivyoondolewa, na mjumbe wa Uingereza akawa ameketi papo hapo, akisikiliza na kulazimika kujibu. Hebu fikiria: nyumbani mtu huyo asingeweza kumweka Mkuu wa Jimbo kitini kwa dakika 10.

Baraza la Udhamini lilitoa azimio laini, kwani nchi zenye makoloni zilikuwa na nguvu humo. Shauri likapanda hadi Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambako nchi za Asia, Kiarabu na Amerika ya Kusini ziliunga mkono azimio kali la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Likapita katika kamati. Lakini Desemba 1952, katika kikao cha Baraza Kuu lenyewe, zilihitajika kura theluthi mbili, nazo hazikufika.

Hapo wako wanaosema kwamba Wameru walishindwa, na kwamba barua na adabu hazifai kitu. Mimi sikubaliani nao, ingawa naielewa hasira yao. Ni kweli kwamba kura ile haikumrudisha mtu Ngare Nanyuki. Lakini linganisha. Thuku aliuliza kwa njia isiyokuwa na mtu wa kulazimika kujibu, akajibiwa kwa kizuizi na risasi. Wameru waliuliza kwa njia ambayo kanuni ilimlazimu mtawala ajibu, na jibu lake likaandikwa, likasomwa, likapingwa hadharani na nchi ambazo hakuzitawala. Tofauti haikuwa katika ufundi wa lugha wala katika kiwango cha heshima. Wote walikuwa na heshima ya kutosha, na wote walikuwa na haki.

Kwa hiyo, mama yangu, ukiisha kuandika maswali yako, chunguza jambo moja kabla ya kufunga bahasha. Ni nani anayewajibika kisheria au kwa kanuni kukujibu, na nani mwingine ataiona barua hiyo? Kama ofisi iliyoifunga zahanati ndiyo hiyohiyo itakayoipitisha barua kwenda juu, usiikwepe. Ipitishie hapo kwa adabu. Lakini chini ya sahihi andika "Nakala:", halafu uwataje diwani, mbunge na mganga mkuu wa wilaya, na kila mmoja apelekewe yake kwa mkono. Ofisa anayesoma barua hutazama kwanza chini, pale penye orodha ya nakala. Hilo nalisema kwa kuwa nimekaa ofisini miaka mingi na nimewaona wakitazama.

Habari za Ngare Nanyuki hazikuishia New York. Zilizunguka Tanganyika nzima katika matawi ya chama cha TAA, na watu ambao hawakuwahi kufika Arusha wakajua kwamba kuna meza moja duniani ambapo serikali yao huulizwa maswali. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwezi wa nane wa mwaka uleule wajumbe wengine wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakizunguka nchini wakipokea barua za wananchi, na tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza lilelile la Udhamini. Kirilo Japhet na Earle Seaton waliyaandika yao katika kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka 1967. Na zile barua zenye alama ya T/PET.2 zimo katika kumbukumbu za Umoja wa Mataifa, pamoja na maelezo ya serikali iliyotakiwa kuzijibu.