Mdaa Haukuandikwa Forodhani

Historia ya biashara ya Unguja katika karne ya 19 hutaja karafuu, pembe za ndovu, sandarusi, na kitu kimoja ambacho leo wachache wanakijua: marere. Yalikwanguliwa kwenye miti na mawe ya pwani kavu, yakapakiwa majahazini, na huko Ulaya yakatoa rangi ya zambarau ya kutia hariri na sufu. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa London mwenye miaka 18, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini. Badala yake akapata zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Viwanda vikafuata, na soko la marere likafifia hadi likafa.

Marere tunayajua kwa sababu yalipita forodhani. Mdaa haukupita.

Mdaa ni kichaka cha porini ambacho huweza kuwa mti mdogo, wa jamii ambayo wataalamu huiita Euclea. Kamusi zetu za zamani huutaja kwa kazi moja: kutia miaa rangi nyeusi. Mizizi huchimbwa, ikapondwa, ikachemshwa pamoja na ukindu uliokwisha kuchanwa. Ukitoa mapema unapata hudhurungi. Ukiacha chunguni unakaribia weusi. Hapo ndipo ukili husukwa, mweupe na mweusi, kisha mkeka ukashonwa. Bibi yangu alikuwa na mkeka wa namna hiyo, na wageni walitandikiwa huo, si ule wa rangi ya dukani. Msumbiji mmoja wa midaa hii huitwa mulala (msichanganye na mlala wetu wa kusukia), na wanawake husugulia meno mzizi wake, midomo ikabaki na wekundu wa udongo.

Rangi ya unga ilipofika madukani, kijani na waridi, kazi ya siku nzima ikawa ya saa moja. Siwalaumu akina mama walioipokea. Kuni na maji waliyachota wao. Ninachosikitikia ni kwamba ujuzi wa mdaa ulikaa mikononi tu, na mikono huzikwa.

Wapo wanaotaka tuurudishe ili mikeka iuzwe kwa watalii. Vema, lakini tutazame Botswana kwanza. Vikapu vyao vya mkoma hutiwa rangi kwa mdaa wa aina yao na magome ya miti mingine, na vimepata soko nchi za nje. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba miti hiyo ya rangi ilikuwa ikiumizwa kwa kuchimbwa na kubanduliwa.

Kwa hiyo anayekwenda porini na jembe akate mzizi wa pembeni, aache ule mkuu, na shimo alifukie.