Yogati yenye ladha: Picha ya tunda koponi haimwambii mnunuzi mengi

WAZAZI wengi wanaoingia dukani na mtoto mwenye kiu hukataa kumnunulia soda, wakamchagulia chupa ya yogati ya stroberi au vanila, kisha wakaondoka wameridhika kwamba wamempa chakula wala si sukari. Uamuzi huo una ukweli ndani yake, kwa kuwa yogati hutokana na maziwa, na hubeba protini na kalisiamu ambazo soda haina. Hata hivyo, katika baadhi ya chapa, sukari iliyotiwa kiwandani katika kila gramu 100 za yogati hukaribia ile iliyomo katika kiasi kama hicho cha soda.

Tofauti baina ya chapa moja na nyingine ni kubwa. Haitambuliki kwa rangi ya kopo, kwa bei, wala kwa picha ya tunda lililoiva iliyochapishwa upande wa mbele. Hutambulika nyuma ya kopo, katika yale maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi huyapita bila kuyatupia jicho.

Yogati halisi huhitaji vitu viwili tu: maziwa na bakteria. Maziwa hutiwa moto hadi nyuzijoto 85 au zaidi, yakapozwa hadi takriban nyuzi 43, kisha yakatiwa aina mbili za bakteria ziitwazo Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Bakteria hao hula sehemu ya laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo huyagandisha maziwa na kuyapa ule uchachu wake. Kwa hivyo yogati ni ndugu wa maziwa lala na wa mursik ya jamii ya Wakalenjin, ingawa bakteria wanaohusika na namna ya kutayarisha si sawa. Sukari, rangi, vionjo na matunda huja baadaye, na hapo ndipo tofauti baina ya chapa huanzia.

Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO), iliweka kiwango cha kimataifa cha maziwa yaliyochachushwa mnamo 2003. Kulingana na kiwango hicho, yogati yapaswa kuwa na protini ya maziwa isiyopungua asilimia 2.7, na bakteria wasiopungua milioni 10 katika kila gramu hadi siku ya mwisho iliyoandikwa koponi. Lakini yogati iliyotiwa ladha imeruhusiwa kuwa na vitu visivyotokana na maziwa hadi nusu ya uzito wake. Maana yake ni kuwa makopo mawili yaliyokaa bega kwa bega yanaweza yote kutimiza kiwango hicho, moja likiwa karibu lote ni maziwa, na la pili likiwa na sehemu kubwa ya shira, wanga na maji.

Hesabu ya sukari

Lebo nyingi huonyesha sukari kwa jumla, bila kutenganisha ile ya maziwa na ile iliyoongezwa. Jambo hili huwapotosha watu kwa njia mbili. Wapo wanaoona gramu 5 za sukari katika yogati isiyotiwa chochote wakadhani wamedanganywa, na wapo wanaoona gramu 15 katika ile ya stroberi wakadhani yote ni ya maziwa na matunda.

Ukweli ni kwamba maziwa yana laktosi ya kati ya gramu 4.5 na 5 katika kila gramu 100, na yogati isiyotiwa kitu hubaki na gramu 4 hadi 5 hivi. Sukari hii siyo inayowatia wataalamu wasiwasi. Mwongozo uliotolewa na WHO mnamo 2015 unahusu sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ile ya asali, shira na juisi za matunda. Haugusi sukari iliyomo ndani ya maziwa wala ya tunda zima.

Mnunuzi basi hana haja ya kikokotoo. Atazame sukari katika gramu 100, atoe 5, na kinachobaki ndicho takriban kilichoongezwa. Mathalani, lebo ikisema gramu 14, hubaki 9. Chupa ya gramu 250 ya yogati hiyo itakuwa imetiwa gramu 22 hivi, ambazo ni zaidi ya vijiko vitano vya chai, kijiko kimoja kikikadiriwa kuwa gramu 4. Chupa ya gramu 500, ambayo si ajabu kumwona kijana akiimaliza kwa mkao mmoja pamoja na andazi, itakuwa na gramu 45, au vijiko kumi na moja.

WHO inapendekeza sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu huipata kwa siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, hizo ni gramu 50, na shirika hilo linasema kuna manufaa zaidi akishuka hadi 25. Mtoto mdogo, ambaye chakula chake chote ni kidogo, kikomo chake ni cha chini kuliko hicho. Chupa ile kubwa basi huwa imekaribia kuumaliza mgao wa mtu mzima kabla hajaonja chai yenye sukari.

Kuna lebo ambazo hazitaji sukari, bali hutaja wanga kwa jumla. Hapo hesabu hiyo hiyo hutumika, ila mnunuzi ajue kwamba jibu lake linaweza kuwa limejumuisha wanga uliotiwa ili kuongeza uzito. Palipo hakuna jedwali lolote, kilichobaki ni orodha ya viungo. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikifuata mara tu baada ya maziwa, na tunda likiwa mbali huko chini baada ya vizito na vionjo, yaliyomo yanajieleza yenyewe. Aidha, sukari huja kwa majina mengi: glukosi, fruktosi, dekstrosi, shira ya mahindi, asali, juisi ya matunda iliyokolezwa. Ikigawanywa katika majina matatu, kila jina hushuka katika orodha, ilhali jumla yake haijapungua hata kidogo.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, uliochapishwa mnamo 2018, ulichunguza zaidi ya aina 900 za yogati zilizouzwa katika maduka makubwa ya nchi hiyo. Ni chini ya asilimia 9 zilizoweza kuitwa zenye sukari kidogo, yaani isiyozidi gramu 5 katika gramu 100, na miongoni mwa zile zilizotengenezewa watoto ni asilimia 2 pekee. Lililowashangaza wengi ni kuwa yogati za kilimo asilia, zinazosifiwa kuwa bora kwa afya, zilikuwa na wastani wa gramu 13.1, zaidi ya zile za watoto. Takwimu hizo ni za Uingereza wala si za Kenya, lakini zinaonyesha jinsi sifa iliyoandikwa mbele ya kopo inavyoweza kukosa uhusiano wowote na sukari iliyo ndani.

Neno "isiyo na mafuta" nalo lahitaji kutazamwa kwa uangalifu. Mafuta ya maziwa ndiyo huipa yogati ulaini na utamu wa asili. Yakiondolewa, mara nyingi watengenezaji huongeza sukari na wanga ili kufidia pengo hilo, na mnunuzi aliyekimbia mafuta akajikuta amekumbatia sukari.

Tunda, rangi na vizito

Kuna tofauti kati ya yogati yenye embe na yogati ya ladha ya embe. Ya kwanza yapaswa kuwa na tunda, hata kama ni kidogo na limepikwa kwa sukari. Ya pili huenda isiwe imekutana na embe katika safari yake yote, ikawa na kionjo cha maabara na rangi tu. Baadhi ya watengenezaji hutaja asilimia ya tunda, na hiyo ni dalili njema, hata ikiwa asilimia yenyewe haifiki 10.

Rangi huandikwa kwa jina au kwa nambari inayoanza na herufi E. E162 hutokana na kiazisukari chekundu. E120 hutokana na wadudu wadogo wanaokaushwa na kusagwa. Haina sumu, lakini wapo ambao dini au mazoea yao hayawaruhusu kuila. E102, E110, E122 na E124 ni rangi za viwandani. Kufuatia utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliochapishwa mnamo 2007 kuhusu rangi na utundu uliokithiri miongoni mwa watoto, Umoja wa Ulaya uliamuru kuanzia Julai 2010 kwamba chakula chenye rangi hizo nne, pamoja na E104 na E129, kiwe na onyo kwa wazazi. Ushahidi wenyewe haukuwa mzito, na rangi hizo hazikupigwa marufuku kwa sababu yake. Hata hivyo, mzazi mwenye nafasi ya kuchagua hana anachopoteza kwa kuziepuka, kwa maana rangi haiongezi lishe yoyote.

Pektini, wanga uliogeuzwa na jelatini hutiwa ili yogati iwe nzito na isitoe maji. Havidhuru, na pektini hasa hutokana na maganda ya matunda. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, hivyo Waislamu huwa na haja ya kutafuta alama ya halali au kuchagua ile isiyokuwa nayo kabisa. Tatizo la vizito ni kwamba vinaweza kuyafanya maziwa mepesi yaonekane mazito. Kijiko kikisimama ndani ya kopo, hilo halithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni protini. Yogati nzuri yenye ladha huwa na gramu 3 hivi za protini katika gramu 100. Ikiwa na gramu 1.5, maziwa ni machache. Ile ya Kigiriki iliyochujwa kikweli hufika gramu 8 au zaidi, na inayojiita hivyo ikiwa na gramu 3 imepata uzito wake kwingineko.

Vitamu bandia, mfano wa E950, E951 na E955, hupunguza sukari kweli. Lakini mnamo Mei 2023 WHO ilishauri visitumiwe kama njia ya kupunguza uzani wa mwili. Mwaka huo huo, shirika hilo lilitoa mwongozo wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23, likisema vyakula vyenye sukari nyingi visitolewe kwa watoto wa umri huo. Kwao, yogati inayofaa ni ile isiyotiwa sukari.

Bakteria walio hai

Baadhi ya yogati hupashwa moto tena baada ya kuganda ili zidumu kwa miezi. Moto huo huwaua bakteria. Protini na kalisiamu hubaki, lakini manufaa moja muhimu hupotea. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali mnamo 2010 kwamba bakteria hai wa yogati huwasaidia watu wanaoumwa na tumbo wakinywa maziwa, kwa kuwa huwasaidia kusaga laktosi. Mnunuzi atafute maneno yanayosema bakteria ni hai. Yogati iliyopangwa kwenye rafu isiyo na baridi, mwezi baada ya mwezi, haiwezi kuwa nao.

Madai mengine yanahitaji tahadhari. Machi 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu kuandikwa kwamba kula yogati angalau vikombe viwili kwa wiki huenda kukapunguza hatari ya kisukari cha aina ya pili, huku ikisisitiza kwamba ushahidi ni mdogo. Iliwataka pia watengenezaji wafikiri kabla ya kuweka dai hilo kwenye bidhaa zenye sukari nyingi ya kuongezwa.

Humu nchini, alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na nambari ya kibali iliyo chini yake humwonyesha mnunuzi kwamba bidhaa imetimiza kiwango kilichowekwa. Alama hiyo haisemi kwamba sukari ni kidogo. Kopo lililofura lirudishwe hata kama tarehe haijapita, kwani ni dalili ya hamira au viini vingine kutoa gesi, pengine baada ya friji kuzimwa usiku au stima kupotea. Maji ya manjano yanayoelea juu, kwa upande mwingine, si uharibifu. Yana protini na madini, na yafaa kukorogwa ndani.

Kwa anayependa ladha, njia rahisi ni kununua yogati isiyotiwa kitu na kuipondea embe, ndizi au karakara nyumbani. Yogati hiyo hiyo yaweza kutumiwa kujua kama bakteria wake wako hai. Lita moja ya maziwa huchemshwa, ikaachwa ipoe hadi kidole kivumilie joto lake, ikatiwa vijiko viwili vya yogati na kufunikwa kwa blanketi au kuwekwa ndani ya chupa ya chai kwa saa 6 hadi 8. Yakiganda, bakteria wapo. Yakibaki majimaji, ama bakteria walikuwa wamekufa, ama joto halikuwa sawa, ama ng'ombe alikuwa amedungwa viuavijasumu, dawa ambazo huwazuia bakteria wa yogati kufanya kazi yao.