Sari ya hariri: Mambo ya kuchunguza kabla ya kutoa pesa

MFANYABIASHARA wa Kagio hahitaji kufundishwa maana ya bidhaa iliyochanganywa. Mji huo wa soko, ulioko eneo la Ndia katika Kaunti ya Kirinyaga, haupo mbali na mashamba ya mpunga ya Mwea, na wakazi wake wamezoea kusikia malalamiko kuhusu mchele wa kigeni unaochanganywa na pishori kisha ukauzwa kwa bei ya pishori. Pishori hujitambulisha kwa harufu yake jikoni. Sari ya hariri ya India nayo ina njia zake za kujitambulisha, ila njia hizo hazijulikani sana katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, na mtu anayeinunua kwa mara ya kwanza anaweza kutoa akiba ya miezi mingi akaishia kubeba kitambaa cha plastiki.

Wanunuzi wenyewe si haba. Wapo wanaoalikwa katika harusi za marafiki au washirika wa biashara wenye asili ya Kihindi, jamii ambayo Serikali ya Kenya iliitambua mwaka wa 2017 kuwa kabila la 44 nchini. Wapo wanaosafiri India kusindikiza wagonjwa au kusoma, wakaombwa na mama na shangazi walioachwa nyumbani warudi na "ile nguo ya hariri". Na wapo, hasa vijana, wanaoagiza kwa simu kutoka kwa wauzaji wasiowajua.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi huyo anapaswa kulielewa ni kwamba anaponunua sari "halisi" huwa anauliza maswali mawili, wala si moja. La kwanza: je, uzi ni wa hariri? La pili: je, kitambaa kimefumwa kwa mkono? Jibu la swali moja halijibu la pili. Sari maarufu za Mysore ni mfano mzuri. Hutengenezwa na shirika la serikali ya jimbo la Karnataka, katika kiwanda ambacho chimbuko lake ni mwaka wa 1912, enzi ya watawala wa kifalme wa Mysore. Uzi wake ni hariri safi, lakini kazi hufanywa na mitambo ya umeme. Sari hiyo si bandia hata kidogo. Ila anayeilipia kwa kuamini kwamba ilitoka mkononi mwa mfumaji atakuwa amejidanganya au amedanganywa.

Hariri ni uzi unaotokana na kifukofuko cha kiwavi. Iliyo nyingi sokoni hutoka kwa kiwavi anayelishwa majani ya mforosadi. India ndiyo ya pili duniani kwa uzalishaji wa hariri baada ya China, na huzalisha pia aina nyingine tatu, yaani tasari, eri na muga, hii ya mwisho ikiwa na rangi ya dhahabu ya kuzaliwa nayo na ikitoka jimbo la Assam. Kenya yenyewe si mgeni katika kazi hii: kuna kituo cha utafiti wa hariri mjini Thika, na taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE imewahi kuwafunza wakulima wa Mwingi kukusanya hariri ya viwavi wa mwituni.

Kuhusu ufumaji, asiyewahi kuona kitanda cha mfumi kikifanya kazi hana haja ya kwenda ng'ambo. Kikundi cha akina mama wa Nanyuki, kilichoanzishwa mwaka wa 1977, husokota na kufuma sufu kwa mkono hadi leo. Sufu na hariri ni mbali kama mbingu na ardhi, lakini kanuni ni ileile: nyuzi za mtande hutandazwa kwa urefu, na uzi wa mshindio ukapitishwa kwa upana, mstari mmoja baada ya mwingine. Anayetazama kazi hiyo kwa saa moja huelewa mara moja kwa nini sari iliyofumwa kwa mkono haiwezi kuwa rahisi.

Sari huwa na urefu wa mita tano na nusu hivi, na mara nyingi huongezewa kipande cha blauzi kinachoifikisha zaidi ya mita sita. Miongoni mwa sari za hariri, mbili ndizo mnunuzi mgeni atakazotajiwa kila dukani: ya Kanchipuram na ya Banaras.

Kanchipuram ni mji wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Sari ya huko ni nzito, na pindo lake aghalabu huwa la rangi tofauti kabisa na mwili wa nguo. Katika ufumaji wa jadi, mwili na mapindo mawili ya pembeni hufumwa kwa nyuzi tatu za mshindio zinazopishana na kufungamanishwa, kazi ambayo mara nyingi huhitaji watu wawili kwenye kitanda kimoja. Palu, yaani ile ncha yenye nakshi nyingi inayoning'inia begani, nayo huunganishwa na mwili kwa namna inayoacha mstari unaoonekana na kuhisika kwa kidole. Mnunuzi aushike mstari huo. Akikuta pindo limebadilika rangi bila dalili yoyote ya kiungo, aulize kwa nini.

Sari ya Banaras, mji ambao pia huitwa Varanasi, kaskazini mwa India, hufahamika kwa nakshi za maua na majani zilizofumwa kwa zari. Hapa siri iko upande wa nyuma. Katika kazi ya thamani ya juu, kila ua hufumwa peke yake, na uzi hurudi ndani ya ua lenyewe, hivyo nyuma huwa safi. Katika kazi ya daraja la chini yake, uzi wa nakshi huvuka upana wote wa kitambaa, kisha sehemu zinazoning'inia hukatwa kwa mkono. Nyuma hubaki ncha fupifupi za nyuzi. Njia zote mbili ni za mkono na zote ni halali, ingawa bei haipaswi kulingana. Kinachotia shaka ni nakshi zilizopangika kwa usawa usio na kasoro hata moja, zenye nyuma iliyonyolewa sawasawa kama nywele za kinyozi.

Ipo pia patola ya Patan, jimbo la Gujarat, ambako mababu wa Wahindi wengi wa Kenya walitoka. Nyuzi zake za mtande na za mshindio hutiwa rangi kwa kufungwa kabla ya kufumwa, na picha hukutana kitandani, kiasi kwamba nguo haina mbele wala nyuma. Sari moja huchukua miezi kadhaa. Bei yake ni ya kununua ng'ombe, tena wengi, na anayeanza hana haja ya kujitesa nayo.

Majina haya yanalindwa na sheria ya India inayohifadhi bidhaa kwa eneo zinakotoka. Sari za Banaras ziliingizwa katika daftari hilo mwaka wa 2009, na jina hilo ni haki ya wafumaji wa wilaya chache tu za jimbo la Uttar Pradesh. Hata hivyo, sheria ya India haimzuii muuzaji wa Nairobi kutamka "Banarasi" kwa kitambaa chochote kinachong'aa.

Ndiyo maana alama rasmi zina umuhimu. Ya kwanza ni Silk Mark, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 chini ya Bodi Kuu ya Hariri ya India. Ni kibandiko chenye nambari yake, kinachofungwa kwenye nguo, na kinathibitisha kwamba uzi ni hariri safi. Hakisemi lolote kuhusu mkono wala mtambo. Ya pili ni Handloom Mark, iliyozinduliwa mwaka wa 2006, inayothibitisha kwamba kitambaa kimefumwa kwa mkono, lakini kitambaa hicho kinaweza kuwa cha pamba. Anayetaka hariri iliyofumwa kwa mkono atafute zote mbili, au alama ya India Handloom Brand ya mwaka wa 2015, ambayo hutolewa kwa bidhaa za mkono za kiwango cha juu. Kibandiko nacho huweza kuhamishwa kutoka nguo moja hadi nyingine, kwa hivyo nambari isomwe na ilinganishwe na nguo yenyewe.

Maneno mengine ya kwenye vibandiko ni mitego. Lililowapoteza wengi ni "art silk". Mtu husoma akadhani ni hariri ya sanaa, yenye ufundi mwingi. Kumbe neno hilo limefupishwa: maana yake ni hariri ya kutengenezwa, yaani isiyo hariri.

Pasipo alama, hubaki macho, vidole na moto. Sari itolewe nje kwenye mwanga wa jua, maana taa za dukani hupamba kila kitu. Hariri hung'aa kwa upole, na rangi yake hubadilika kidogo kitambaa kinapogeuzwa, hasa pale mtande na mshindio vilipotiwa rangi mbili tofauti. Ikishikwa mkononi hupata joto upesi. Pembezoni, sari ya mkono mara nyingi huwa na vitundu vidogo visivyolingana, vilivyoachwa na meno ya kijiti kinachotandaza kitambaa wakati wa kufuma. Hizo ni dalili tu. Lile jaribio la kupitisha sari ndani ya pete, ambalo wauzaji hulipenda, halithibitishi kitu: vitambaa vingi vyepesi vya kiwandani hupita, na sari nzito ya Kanchipuram yaweza kukwama.

Moto ndio shahidi asiyehongeka. Kwa idhini ya mwenye duka, uzi mmoja hunyofolewa mwishoni mwa palu na kuchomwa. Hariri huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na huacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuganda kama tone gumu la plastiki. Pamba na viskosi huungua upesi kwa harufu ya karatasi. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuchoma nyuzi mbili, mmoja wa mtande na mwingine wa mshindio, kwani hila iliyoenea ni kuweka hariri upande mmoja na poliesta upande wa pili.

Zari huchunguzwa peke yake. Iliyo bora ni uzi wa hariri uliozungushiwa ukanda mwembamba wa fedha na kupakwa dhahabu kidogo. Nyingine hutumia shaba, na ya bei ya chini kabisa ni plastiki. Ikikwaruzwa kidogo, zari ya fedha mara nyingi hufichua uzi mwekundu wa hariri ndani yake.

Kisha hesabu. Kilo moja ya uzi wa hariri ya mforosadi imekuwa ikiuzwa India kwa maelfu ya rupia, na rupia moja ni takriban shilingi moja na nusu za Kenya. Hata kwa rupia 3,000 pekee, nusu kilo ya uzi, ambayo ni kiasi cha kawaida kwa sari nzito, ni zaidi ya Sh2,000 kabla ya rangi, zari, ujira wa mfumaji wa siku nyingi, usafiri na ushuru. Basi anayeuza "hariri nzito ya mkono" kwa Sh2,000 jijini Nairobi anauza kwa bei iliyo chini ya uzi wake. Wafanyabiashara wa Kagio, wanaojua gharama ya kreti ya nyanya tangu shambani hadi sokoni, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Kutoka Kagio hadi Nairobi ni safari ya kilomita mia moja na ushee. Maduka ya sari yanapatikana Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street, na vilevile Ngara na Parklands, hasa katika jengo la Diamond Plaza. Ni busara kuzuru maduka matatu bila kununua, kugusa sari za bei ya juu kabisa ili vidole vijue hariri ikoje, kisha ndipo kurudi kwenye bei ya mfuko. Anayeagiza kutoka India aombe video ya upande wa nyuma na ya kibandiko, na akumbuke kwamba kodi ya VAT ya asilimia 16 na ushuru wa forodha huweza kumsubiri mzigo unapofika.

Katika hali zote mbili, risiti iandikwe maneno kamili: hariri safi, imefumwa kwa mkono. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inakataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, lakini mlalamishi mwenye risiti iliyoandikwa "nguo 1" hana pa kuanzia. Muuzaji anayesita kuyaandika aliyoyasema kwa mdomo amekwisha kujibu swali.

Sari ikinunuliwa, dukani mara nyingi hushonewa ukanda wa pamba kwa ndani ya pindo la chini ili isichakazwe na viatu. Fundi wa nyumbani anaweza kushona blauzi kutoka kipande kilichoambatana nayo, ila akikate kwanza kwa kufuata mstari wa mfumi, wala asikisie. Hariri haifuliwi kwa sabuni ya unga. Hupelekwa kwa dobi anayesafisha bila maji. Katika baridi na ukungu wa mwezi wa Julai kandokando ya Mlima Kenya, ifungwe ndani ya kitambaa cheupe cha pamba, kamwe si mfuko wa plastiki, na ikunjuliwe kila baada ya miezi michache na kukunjwa upya kwa mikunjo mingine, maana zari hukatika pale inapokunjwa kila mara.