Roketi ya mfano iliyokuzwa

Roketi ya mfano iliyokuzwa ni roketi ndogo ya burudani au mafunzo inayoundwa kwa kufuata umbo la roketi ya mfano inayojulikana tayari, lakini kwa vipimo vikubwa zaidi, mara nyingi mara moja na nusu hadi mara tatu ya ile ya awali. Si sanamu ya kuwekwa kabatini: huruka kwa injini ya fueli mango na kurudi chini kwa mwavuli. Anayeitazama kwa mbali huona roketi ileile ya zamani iliyonenepa. Kwa ndani ni chombo kingine kabisa, kwa sababu uzito, nguvu ya injini, ukubwa wa mwavuli na uimara wa mapezi haviongezeki kwa kiwango kimoja.

Historia

Roketi za mfano za kisasa zilianza Marekani. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska, pamoja na ndugu yake Robert, aliunda roketi nyepesi ya karatasi na mbao yenye injini inayobadilishwa kila baada ya kuruka. Mwaka 1957 alisoma makala ya G. Harry Stine kuhusu vijana waliokuwa wakijeruhiwa kwa kujitengenezea fueli ya roketi nyumbani, akamwandikia na kumtumia sampuli. Stine, aliyekuwa amefanya kazi kwenye uwanja wa majaribio wa White Sands, alitambua kwamba ufumbuzi umepatikana: kijana aunde mwili wa roketi, injini itoke kiwandani. Vernon Estes ndiye aliyebuni mashine ya kuzalisha injini hizo kwa wingi, na kampuni yake ikahamia Penrose, Colorado, mwaka 1961.

Miundo ya Estes ya miaka ya 1960 ndiyo inayokuzwa zaidi leo. Walioirusha utotoni walirudi wakiwa watu wazima wenye kipato na karakana, wakataka kuiona tena ikiwa kubwa. Kampuni yenyewe ilikuja kuuza toleo kubwa la roketi yake maarufu, Big Bertha, kwa jina la Super Big Bertha.

Kanuni ya mraba na mchemraba

Kanuni hii ilielezwa na Galileo katika kitabu chake cha mwaka 1638, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuithibitisha kwa vipande vya sabuni. Urefu ukizidishwa kwa 2, eneo huzidi mara 4 na ujazo mara 8. Kwa kuwa uzito hufuata ujazo, roketi iliyokuzwa mara 2 kila upande, pamoja na unene wa kuta zake, itakuwa na uzito mara 8.

Tuchukue Big Bertha. Ina urefu wa sentimita 61, kipenyo cha milimita 42 na uzito wa takribani gramu 65 bila injini. Ikiwa na injini ya daraja C yenye gramu 25 hivi, inakuwa gramu 90. Ikikuzwa mara 2 inafikia sentimita 122 na milimita 84, lakini uzito unaruka hadi gramu 720.

Injini za roketi za mfano hupangwa kwa herufi kulingana na msukumo jumla, yaani nguvu ikizidishwa kwa muda inaofanya kazi. Kila herufi ina kikomo mara mbili ya ile iliyotangulia: A haizidi newton-sekunde 2.5, B 5, C 10, D 20, E 40, F 80 na G 160. Kwa kuwa 8 ni 2 × 2 × 2, kuikuza roketi mara 2 kunadai kupanda herufi tatu. Iliyoruka kwa C sasa inataka F. Ikikuzwa mara 3, uzito ni mara 27, nayo inakaribia herufi tano. Hapo mtu ametoka kwenye roketi za mfano za kawaida na kuingia katika daraja la H, ambalo Marekani haliuzwi kwa mtu asiye na cheti.

Kuna faida moja iliyojificha humu. Mkinzano wa hewa hutegemea eneo, nalo limeongezeka mara 4 tu huku tungamo likiwa mara 8. Kwa hiyo roketi kubwa haipungukiwi kasi haraka baada ya injini kuzima, na huweza kupanda juu kuliko ile ndogo hata kama zote mbili zilifikia kasi moja. Mbunifu mwangalifu huongeza faida hiyo kwa kutokuza kila kitu: umbo la nje hufuata vipimo, lakini kuta za bomba la karatasi huachwa nyembamba kadiri uimara unavyoruhusu. Mapezi ni kinyume chake. Pezi pana lisiloongezwa unene hutikisika kama bendera katika kasi kubwa na kukatika, ndiyo maana mbao laini ya balsa huachwa na plaiwudi hutumika.

Uthabiti angani

Roketi hubaki imeelekea mbele ikiwa kitovu cha uzito kiko mbele ya kitovu cha shinikizo, yaani mahali ambapo nguvu za hewa za ubavuni huwa kana kwamba zimekusanyika. Desturi ni kutenganisha vitovu hivyo kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha bomba. Mwaka 1966 mhandisi James Barrowman wa NASA aliwasilisha njia ya kukokotoa kitovu cha shinikizo kwa hesabu za kawaida, na wanaounda roketi za mfano wanaitumia mpaka leo.

Umbo likikuzwa kwa usawa, kitovu cha shinikizo husogea kwa uwiano uleule. Kitovu cha uzito hakitii. Injini kubwa, plaiwudi na gundi nzito vyote viko nyuma, kwa hiyo kitovu hurudi mkiani. Roketi ya namna hiyo hupinduka mara inapoacha fimbo ya kurushia na huweza kurudi kwa watazamaji ikiwa bado inawaka. Dawa yake ni kuongeza uzito ndani ya pua, kisha kupima kwa kuining'iniza roketi, ikiwa na injini yake, kwenye uzi mahali inapolala sawa. Kipimo kinachoaminika ni hicho cha uzi; hesabu za karatasini huwa zimesahau gundi na rangi.

Mwavuli

Hapa ndipo kosa la kuzidisha kwa 2 lilipo rahisi zaidi kufanyika. Mwavuli wa Big Bertha una kipenyo cha sentimita 46. Ukikuzwa hadi 92, eneo lake ni mara 4 tu ilhali mzigo ni mara 8. Kasi ya kushuka inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani mara 1.41, na nishati ya kugonga ardhi inakuwa mara 16 ya ile ya roketi ndogo. Ili ishuke kwa kasi ileile ya zamani, kipenyo hakina budi kuzidishwa kwa 2.83, yaani kiwe sentimita 130. Hata hivyo nishati ya kugonga bado ni mara 8, na hiyo haiepukiki.

Kimo cha mahali nacho kina neno. Mkoa wa Simiyu uko juu ya usawa wa Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Kwenye mita 1,200 msongamano wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 11 kuliko pwani, hivyo mwavuli uleule utashuka Bariadi kwa kasi iliyozidi ile ya Bagamoyo kwa asilimia 6 hivi.

Saturn V ya mwaka 2009

Mfano mkubwa unaotajwa mara nyingi ni Saturn V ya Steve Eves wa Ohio, iliyorushwa tarehe 25 Aprili 2009 karibu na Price, Maryland. Saturn V halisi ilikuwa na urefu wa mita 110.6. Roketi ya mfano iliyouzwa madukani ilikuwa ya uwiano wa 1:100, takribani mita 1.1, ya Eves ilikuwa 1:10, mita 11. Ilikuwa na kilo 748, ikabebwa na injini tisa: nane za daraja N zenye newton-sekunde 13,000 kila moja na moja ya daraja P yenye 77,000. Ilipanda mita 1,353 na kushuka kwa miavuli. Kwa kanuni ya mchemraba, Saturn V halisi ya tani 2,900 hivi ingetoa mfano wa tani 2.9. Ya Eves ilikuwa karibu robo ya hapo, maana sehemu kubwa ya bomba lake ilikuwa tupu badala ya kujaa fueli.

Afrika Mashariki

Eneo hili linazijua roketi kubwa kuliko za mfano. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, roketi ya Scout yenye urefu wa takribani mita 23 ilirusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Huko Juja, Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia huunda roketi zao wenyewe katika mradi wa Nakuja.

Tanzania injini za dukani hazipatikani kirahisi. Fueli za aina hii zinaangukia chini ya Sheria ya Baruti, na urushaji wa vyombo angani ni suala la Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kujitengenezea fueli kwa mbolea, viberiti au fataki ndiko hasa kulikowajeruhi vijana wa Marekani kabla ya Carlisle, na hakuna mwalimu anayepaswa kukuruhusu.

Shuleni kinachowezekana ni roketi ya maji: chupa ya soda, maji na pampu ya baiskeli. Nayo hukuzwa, lakini kwa sheria zake. Msukumo wake hutegemea shinikizo la hewa na upana wa mdomo wa chupa. Chupa ya nusu lita na ya lita mbili kwa kawaida zina mdomo wa upana uleule. Kwa hiyo ile kubwa haipati nguvu zaidi, inapata muda mrefu zaidi wa kusukumwa, huku ikianza taratibu kwa sababu ya uzito wa maji. Ukuta wa chupa ni jambo la hatari zaidi. Kipenyo kikiongezeka mara 2 bila unene kuongezeka, mkazo kwenye plastiki huwa mara 2 kwa shinikizo lilelile, hivyo kiwango kilichovumiliwa na chupa ndogo huweza kuipasua kubwa. Chupa iliyounganishwa kwa gundi hupimwa kwanza ikiwa imejaa maji pomoni bila nafasi ya hewa, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa: ikipasuka itavuja tu, haitalipuka.

Mashamba ya Bariadi baada ya mavuno ya pamba yana uwazi wa kutosha, ila ng'ombe huwa wamefunguliwa humo, na kwa roketi ya injini nyasi kavu ni kuni. Upepo nao huhesabiwa mapema. Roketi inayoshuka mita 5 kwa sekunde kutoka mita 300 hukaa hewani dakika nzima, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utakuwa umeihamisha mita 300, mara nyingi hadi shamba la jirani.