HISTORIA YA MAGONJWA YETU, sehemu ya 4: Muulize bibi alivyojifungua

Ya leo isome huku ukimfikiria bibi yako.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Ndiyo inayoamrisha tezi nyingine: maziwa yatoke, hedhi ije, mwili upate joto na nguvu. Ukiwa mjamzito inakua na kuhitaji damu zaidi. Mama akitokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua, sehemu ya tezi hiyo inaweza kufa.

Mwaka 1937 daktari Harold Sheehan, aliyefanya kazi hospitali ya uzazi ya Glasgow, Uskoti, alieleza hali hii baada ya kuchunguza miili ya akina mama waliofariki. Mpaka leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Lakini dawa ilikuwa bado. Kortisoni ilijaribiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, Marekani, na huyo aliugua baridi yabisi.

Sasa sikiliza. Wengine walipona ile damu, wakarudi nyumbani. Maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, na maisha yakaendelea. Miaka mingi baadaye bibi huyo anachoka, anasikia baridi, presha iko chini, chumvi ya damu imeshuka, anachanganyikiwa. Sisi tunasema, "Ni uzee tu."

Si kila mara! Bibi aliyekoma hedhi anatakiwa kuwa na homoni ya FSH iliyo juu kwenye damu. Ikiwa chini, daktari anaishuku pituitari, anapima kortisoli na homoni za tezi ya shingo.

Matibabu yana mpangilio. Kortisoli ikipungua, inarudishwa kwanza, ndipo dawa ya tezi ya shingo ifuate, kwa mzee kidogo kidogo kwa sababu ya moyo. Ukitanguliza ya tezi, anaweza kuzidiwa vibaya. Na vidonge vya kortisoli haviachwi ghafla, hata akijisikia vizuri.

Kwa hiyo leo muulize bibi: "Ulipojifungua ulitokwa na damu nyingi? Ulinyonyesha?" Majibu yake mpelekee daktari.

Na wewe uliyejifungua juzi, maziwa kuchelewa kuna sababu nyingi, usiogope. Ila kama ulipoteza damu nyingi na hakuna hata tone, usikae nyumbani ukijilaumu. Njoo kliniki, useme yote mawili.