Kidonge Kilichopitia Bungeni

Panda nambari 8 uende Kibera au 46 uende Kawangware. Ukishuka tu, hujapata hata chai, utaona kemisti. Itisha flukonazoli. Muuzaji atakukatia kidonge kimoja kwa mkasi, na pengine hata hatauliza ni ya nini. Wengi wanaijua kama dawa ya fangasi ya mdomo au ya ukeni, basi. Lakini ni hiyo hiyo inayomweka hai mtu ambaye fangasi imeota kwenye vali ya moyo wake.

Ugonjwa huo ni nadra, na ni mbaya. Fangasi, mara nyingi kandida, huingia kwenye damu, kwa mfano kupitia mrija wa dripu uliokaa sana, ikanata kwenye vali iliyoharibika au ya bandia. Inakua hapo kama donge, na dawa haipenyi vizuri ndani yake. Ndiyo maana madaktari hupenda kupasua na kubadilisha vali. Pamoja na hilo huja amfoterisini B, iliyopatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo wa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Dawa kali hiyo: mgonjwa hutetemeka, homa hupanda, figo huumia. Na asiyeweza kupasuliwa? Baada ya dripu anawekwa kwenye flukonazoli, miligramu 400 au zaidi kila siku, mara nyingi maisha yake yote.

Sasa piga hesabu ya kila siku, kwa bei ya zamani.

Flukonazoli ilibuniwa na wanakemia wa Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1990. Miaka kumi baadaye, kidonge kilichouzwa chini ya dola 1 Thailand kilikuwa mara nyingi ya hapo Kenya, kwa sababu ya hataza. Waliopiga kelele hawakuwa wagonjwa wa moyo, maana hao ni wachache. Walikuwa watu wenye virusi vya Ukimwi, ambao fangasi ilikuwa ikiwavamia ubongo, pamoja na mashirika kama MSF, lililokuwa likihudumu Kibera. Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001: dawa ingeweza kuagizwa kutoka mahali inapouzwa rahisi.

Halafu, 2002, maneno machache yakapenyezwa katika marekebisho ya sheria nyingine: lazima mwenye hataza akubali kwanza. Ujanja wa karani au wa mkubwa fulani, sijui, lakini wanaharakati waliuona, kelele zikapanda tena, na yakaondolewa mwaka uo huo. Mwaka 2003 MSF wakaanza kutoa ARV Kibera. Kliniki yao waliikabidhi kaunti mwaka 2017.

Kidonge kikateremka bei. Amfoterisini bado inataka kitanda cha wodi, saa nyingi za dripu, na vipimo vya figo na potasiamu kila mara. Kemisti wa Kawangware hana hata kimoja cha hivyo.